Kiwavi wa hariri aingie darasani Kamembe
Harusini hapa Kamembe, watoto hupapasa mavazi ya kitamaduni ya mishanana yanayong'aa na kuuliza ni nguo gani. Tunawajibu "hariri", hata pale ambapo ni poliesta tupu, na mazungumzo yanaishia hapo. Mtaala wa Rwanda ulioanza kutumika 2016 unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, na somo la hariri halidai maabara: boksi la viatu, mayai ya kiwavi wa hariri na majani ya mforosadi. NAEB, bodi ya taifa ya mazao ya kuuza nje, ndiyo inayosimamia ufugaji huu. Walimu waanzie huko kuulizia mayai. Kwa takriban wiki nne viwavi hula tu na kujivua ngozi mara nne, na darasa likinyamaza utawasikia wakitafuna, kama manyunyu juu ya majani ya mgomba. Kisha kila mmoja hujizungushia kifukofuko cha uzi mmoja unaoweza kuzidi mita 900. Mwalimu akichovye kwenye maji ya moto, gundi inayoushika uzi ilegee, mtoto aitafute ncha na kuizungusha kwenye kijiti. Atauliza pia kuhusu mdudu aliyefia ndani kwa maji hayo ya moto. Mwalimu, usimfiche.