Ugali na Nyama Havigombani Tumboni

Wauzaji wa virutubisho na washauri wa lishe wasiosomea kazi hiyo wamewatia watu hofu ya sahani zao wenyewe. Madai yao yamepambwa kwa maneno ya sayansi, ndiyo maana yanaaminika. Haya hapa manne, na majibu yake.

Dai la kwanza: Wanga na protini visiliwe pamoja. Wanga huhitaji alkali, protini huhitaji tindikali. Vikichanganyika, chakula huoza tumboni.

Ni kweli kwamba amilesi ya mate, kimeng'enya kinachovunja wanga, hudhoofishwa na tindikali, na pepsini ya tumboni, inayovunja protini, haifanyi kazi bila tindikali. Kosa ni kudhani kwamba yote hutendeka mahali pamoja. Chakula kikitoka tumboni na kuingia utumbo mwembamba, tindikali yake huuchochea utumbo kutoa homoni iitwayo sekretini. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye kongosho, nalo humwaga bikaboneti ya kuizima tindikali. Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia tindikali, na kongosho bado likatoa maji yake: ujumbe ulipita kwenye damu, si kwenye neva. Hivyo ndivyo homoni hiyo ilivyogunduliwa.

Kongosho hilohilo hutoa vimeng'enya vya wanga, vya protini na vya mafuta kwa wakati mmoja. Maharage yenyewe yana wanga na protini ndani ya punje moja, na vizazi vimelelewa kwayo.

Dai la pili: Maji wakati wa kula huzimua vimeng'enya.

Kumeng'enya chakula ni kuvunja molekuli zake kwa msaada wa maji. Bila maji kazi hiyo haiwezekani. Tumbo lenyewe humwaga takriban lita 2 za majimaji kwa siku. Glasi moja ikipunguza ukali wa tindikali, ni kwa muda mfupi tu, kwani homoni ya gastrini huendelea kuchochea tindikali nyingine kadiri chakula kinavyohitaji.

Dai la tatu: Vyakula vibichi huja na vimeng'enya vyake, hivyo hulipunguzia tumbo kazi.

Ni kweli kwamba papai bichi, kwa kimeng'enya chake, hulainisha nyama kabla ya kupikwa, na wapishi wanalijua hilo. Lakini vimeng'enya ni protini, na vingi vikifika tumboni huvunjwa kama protini nyingine. Kwa upande wa wanga, moto ndio msaada: wanga uliopikwa humeng'enyeka kwa urahisi kuliko mbichi.

Dai la nne: Kila mtu anahitaji vidonge vya vimeng'enya.

Wapo wanaovihitaji kweli: wagonjwa ambao kongosho lao limeshindwa kazi huandikiwa na daktari, na mtu mzima asiye na laktesi (kimeng'enya cha sukari ya maziwa) ya kutosha anaweza kusaidiwa na vidonge vya laktesi anapokunywa maziwa. Mwenye kongosho zima hutengeneza vyake kila siku bila gharama.

Kinyesi chenye mafuta, uzito unaopungua bila sababu au maumivu ya tumbo yasiyoisha ni mambo ya kupeleka hospitali mapema. Anayenunua chupa ya vidonge badala ya kupimwa huupa ugonjwa muda wa kukua, na anayemnyima mtoto maharage kwa hofu ya mchanganyiko humnyima protini anayoihitaji.