Mkonge: urefu wa singa hautoshi

Mwaka 1964 Tanzania Bara ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za plastiki aina ya polipropilini, rahisi na zisizooza, na mashamba mengi ya Tanga na Morogoro yakageuka vichaka. Leo plastiki hiyohiyo inatajwa kuwa mteja: singa hukatwa vipande vifupi, huchanganywa nayo ikiwa imeyeyuka, na kutoa vibao vyepesi kuliko vya nyuzi za kioo.

Wenye mashamba wasishangilie mapema. Singa hupenda maji, polipropilini huyakataa, na vikichanganywa hivihivi havishikani. Kibao kikivunjwa, singa huchomoka nzima kama msumari kwenye mbao mbovu. Mzigo haukufika kwenye uzi, na mnunuzi kalipia uimara asioupata.

Dawa zipo. Kuosha kwa kostiki soda huondoa nta na kuuacha uzi na mikwaruzo ya kushikia, ingawa dawa ikizidi ukali uzi wenyewe hudhoofika. Nyingine ni polipropilini iliyopandikizwa maleiki anhidridi: upande mmoja hushika singa, wa pili hujisuka na plastiki. Asilimia chache tu ya uzito hutosha. Lakini singa iwe kavu kwelikweli, vinginevyo unyevu hugeuka mvuke mashineni na kibao hujaa vitobo.

Watengenezaji wa nyuzi za kioo walilielewa hili zamani. Uzi wao hutoka kiwandani umekwisha kupakwa dawa inayolingana na plastiki ya mnunuzi, na bei huhesabiwa humo. Mkonge bado hupangwa kwa urefu, rangi na usafi: 3L, UG, SSUG. Madaraja hayo yaliwafaa wasokota kamba. Mwenye kiwanda cha plastiki anayekata singa kwa milimita, urefu wa 3L wa nini kwake? Atachukua robota la bei ya chini, atalitibu kwake, na faida itabaki hukohuko.

Kostiki soda ni gharama, na maji yake machafu si ya kumwagwa mto Pangani. Kwa hiyo kuosha kusubiri mkataba wa mnunuzi. Kukausha, kupiga brashi na kukata hakuhitaji kusubiri. Kazi hizo zaweza kuanza sasa jirani na korona, tena kwa singa fupi ambazo wasokota kamba hawazigombei.