LUGHA YA TAIFA ISIHUKUMIWE NA MTAMBO

Matusi si uhuru wa kusema. Jambo hili halina budi kuelezwa mwanzoni, ili mtu asije akadhani kwamba kuuhoji mtambo unaofuta matusi ni kuyatetea matusi yenyewe. Kila mtumishi wa umma anayepokea habari za kazi kwa simu, na kila mwalimu ambaye wanafunzi wake hushinda katika mitandao, ameyaona kwa macho yake: mama aliyetoa maoni juu ya mambo ya kijiji chake hushambuliwa kwa maneno yasiyotamkika, mtu mwenye ualbino hubezwa, kabila hukejeliwa, dini hutukanwa. Taifa lililojengwa juu ya umoja na kuheshimiana haliwezi kuyatazama mambo hayo na kunyamaza.

Kwa sababu hiyo, makampuni makubwa yanayomiliki mitandao, ambayo mengi yake ni ya Marekani, yameweka mitambo ya kompyuta inayosoma maneno ya watu na kuyafuta, kuyaficha au kuyawekea vinyota kabla ya binadamu yeyote kuyatazama. Hapa Tanzania nako, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka watoa huduma watumie nyenzo za kuchuja maudhui yaliyokatazwa, na kanuni hizo zikatungwa upya mwaka 2020. Nia ni njema. Lakini nia njema haitoshi ikiwa kazi ya kuamua lipi ni tusi na lipi si tusi inakabidhiwa kwa chombo kisichoijua lugha kinayoihukumu.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi mitambo hiyo inavyofanya kazi. Ile ya aina ya kwanza hutegemea orodha. Hupewa maneno yaliyopigwa marufuku, kisha hutafuta mfuatano wa herufi zake kila mahali. Haiulizi nani anasema, anamwambia nani, wala kwa sababu gani. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walikataliwa kujiandikisha katika huduma ya kampuni ya AOL kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mna herufi nne zinazofanana na tusi la Kiingereza. Watu hao hawakumtukana mtu. Kosa lao lilikuwa kutaja mahali walipozaliwa.

Ikiwa Kiingereza, ambacho maneno yake mengi husimama peke yake, kilipata taabu hiyo, Kiswahili hakiwezi kusalimika. Neno moja la Kiswahili laweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Yatosha kulichukua neno "kumaliza". Hakuna mwalimu anayepitisha wiki bila kuliandika: kumaliza muhula, kumaliza somo, kumaliza kusahihisha. Hata hivyo, mtambo unaokodolea macho herufi nne za mwanzo huona tusi, nao huifuta taarifa ya mitihani. Neno "kumaanisha" lina msiba huohuo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mtu anayetaka kuwahimiza wenzake wasimtenge mgeni kwa sababu ya kabila lake huandika kwamba ni wajibu wa kila mwananchi "kutombagua" mwenzake. Sarufi yake ni sahihi kabisa: "ku" ya kitenzi-jina, "to" ya ukanushi, "m" ya mtendwa, na shina "bagua". Mtambo hauoni sarufi. Huona aibu katika herufi saba za mwanzo. Hivyo sentensi inayopinga ubaguzi ndiyo inayofutwa, na ile isemayo kwamba watu fulani si wenzetu na warudi kwao hupita salama, kwa kuwa haina hata neno moja chafu ndani yake.

Watetezi wa mitambo husema kwamba makosa ya namna hiyo ni ya zamani. Kwa maelezo yao, mitambo ya leo haitegemei orodha peke yake. Hujifunza yenyewe kwa kusomeshwa mifano mingi. Hilo ni kweli, na maendeleo hayo hayafai kubezwa. Lakini mwanafunzi hawezi kujua asichofundishwa, na sehemu kubwa ya mifano inayofundishia mitambo hiyo ni ya Kiingereza. Hata katika Kiingereza chenyewe haki haikutendeka. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba maandishi yenye namna ya usemaji ya Wamarekani weusi yalitiwa alama ya matusi mara nyingi zaidi kuliko maandishi mengine. Ikiwa mtambo unawahukumu vibaya hata raia wa nchi ulikoundwa, mkulima wa Newala na mvuvi wa Pemba watarajie nini?

Madhara ya kuhukumu lugha kutoka mbali yameonekana wazi nchini Myanmar. Mwaka 2017 mtandao wa Facebook ulilipiga marufuku neno "kalar", ambalo hutumika kuwatukana Waislamu na watu wenye asili ya bara Hindi. Matokeo yake yalikuwa kwamba hata maandishi yaliyotaja dengu na viti yalifutwa, kwa sababu neno hilo limo ndani ya majina ya vitu hivyo katika lugha ya nchi ile. Wakati huohuo chuki dhidi ya Warohingya iliendelea kuenea. Novemba 2018 kampuni yenyewe ilikiri kwamba haikufanya vya kutosha kuzuia mtandao wake usitumiwe kuchochea mgawanyiko na fujo. Dengu zilikamatwa, wachochezi walipita.

Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Maneno yaliyowahi kuua watu katika eneo hili la Afrika hayakuwa matusi ya nguoni. Mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda iliwaita Watutsi mende, na kuua kukaitwa kufanya kazi. Mende ni mdudu anayejulikana kila nyumba, na kazi ni neno la heshima. Hakuna orodha ya maneno machafu ambayo ingeyanasa. Ilihitajika akili ya binadamu, aijuaye lugha na aujuaye wakati, kutambua kilichokuwa kikisemwa. Ndivyo ilivyofanya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha. Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio hiyo na gazeti la Kangura, baada ya kusikiliza mashahidi na kuyapima maneno pamoja na mahali, wakati na makusudi yake.

Nchini Kenya kuna neno "madoadoa". Daktari hulitumia kueleza ngozi ya mgonjwa wa surua, na mwalimu hulitumia kueleza ngozi ya chui. Lakini katika siasa za Bonde la Ufa limebeba maana ya watu wa makabila mengine wanaotakiwa kuondolewa. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka jukwaani mjini Eldoret, na Aprili mwaka huohuo Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Tume ilikuwa na sababu ya kuonya. Hata hivyo, orodha hiyo ikimiminwa katika mtambo bila msimamizi, daktari atanyamazishwa, na mchochezi atatafuta neno jingine kabla jua halijatua.

Tanzania nayo ina mfano wake. Watu wenye ualbino wameeleza mara nyingi kwamba hupita njiani wakaitwa "dili". Neno hilo hutamkwa kila siku sokoni na stendi bila kumuumiza mtu. Likielekezwa kwa mtu mwenye ualbino, humkumbusha kwamba wako waliokwisha kuwaua wenzake ili wauze viungo vyao. Hakuna tishio baya kuliko hilo, na mtambo haulisikii. Kwa upande mwingine, bwana mifugo anayewaandikia wafugaji kuhusu kupe waletao ndigana anaweza kutiliwa shaka, kwa kuwa "kupe" pia ni jina walilopewa wanyonyaji tangu enzi za Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nao wanawake wa Unguja na Mombasa waliozoea kuitana "shoga" kwa mapenzi ya urafiki wanaweza kuadhibiwa kwa sababu mahali pengine neno hilo limegeuzwa kuwa tusi.

Kiswahili, zaidi ya lugha nyingine nyingi, kimezoea kusema jambo zito kwa neno jepesi. Fumbo, kijembe na methali vyaweza kumvunjia mtu heshima bila kutumia neno moja la kuchukiza. Vilevile tasfida humwezesha mwuguzi kutaja sehemu za siri za mwili mbele ya wazazi bila kumwaibisha yeyote. Anayetaka kuamua katika lugha kama hiyo anapaswa kuwa mwenyeji wake.

Kuna jambo jingine ambalo watumishi wa umma hawana budi kulitafakari kwa makini. Mwananchi anayeandika kwamba dawa za zahanati zimeibwa, au kwamba karani amedai rushwa, hutumia maneno makali. Wizi ni neno kali. Rushwa ni neno kali. Mtambo unaopima ukali wa maneno peke yake waweza kumnyamazisha mlalamikaji na kumwacha mwizi. Miongoni mwa ahadi za mwanachama ni kusema kweli daima na kuikataa fitina. Tofauti baina ya kweli na fitina haimo katika herufi. Imo katika ushahidi na katika nia ya msemaji, na mambo hayo mawili ndiyo mtambo usiyoweza kuyapima. Kiongozi anayefurahi kwa kuwa lawama dhidi ya ofisi yake zimefutwa na kompyuta hajalinda adabu. Amejinyima habari za kazi yake mwenyewe.

Itasemwa kwamba maandishi ya mitandaoni ni mengi mno, na kwamba hakuna nchi yenye watu wa kutosha kuyasoma yote. Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake si kuitupa mitambo. Mtambo upekue na binadamu aamue. Pale penye tishio la kumwaga damu, maneno yaondolewe mara moja na msemaji asikilizwe baadaye. Pale pasipo na hatari hiyo, asikilizwe kwanza. Kila aliyefutiwa maneno yake aelezwe sababu kwa Kiswahili, na awe na mahali pa kukata rufaa mbele ya mtu anayekijua Kiswahili cha mahali anapotoka. Nao wanaofanya kazi ya kusoma uchafu huo mchana kutwa watunzwe kama wafanyakazi wengine. Malalamiko ya vijana waliofanya kazi hiyo Nairobi, kuhusu ujira wao na afya ya akili zao, yalifika mahakamani mwaka 2022 na 2023. Makampuni yanayopata faida kwa maneno ya Waafrika hayana haki ya kuwatupia Waafrika taka zake kwa malipo duni.

Kazi ya kuvifundisha vyombo hivyo Kiswahili ni ya wenye Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo kwa sheria tangu mwaka 1967. Vyuo vikuu vina wataalamu wa sarufi na lahaja. Na tangu Novemba 2021 UNESCO imeitambua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Sherehe za siku hiyo zitakuwa na maana zaidi zikiandamana na kazi: kukusanya mifano ya matumizi halisi kutoka bara na visiwani, kuonyesha lini neno ni tusi na lini si tusi, na kuyataka makampuni yaiheshimu mifano hiyo. Lugha iliyoachwa bila walimu katika mitambo itafundishwa na wageni, nao wataifundisha kombo.

Mwisho, mwalimu asidhani kwamba mtambo umempunguzia kazi. Vinyota juu ya tusi havimfundishi kijana kwa nini tusi ni baya. Humfundisha tu kubadili herufi moja ili lipite. Adabu hufundishwa nyumbani, darasani na mbele ya wazee, kwa maelezo na kwa mfano wa wakubwa. Mtumishi wa umma anayemjibu mwananchi kwa staha, hata anapolaumiwa, na mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi bila kumdhalilisha, wanailinda lugha ya Taifa kuliko kompyuta yoyote. Mitambo na itumike, lakini iwe chini ya watu, na watu hao wawe wanaokijua Kiswahili na kuwajibika kwa wanaokisema.