Kiganja, Kifundo na Kisugudi: Usalama wa Mwanafunzi Juu ya Boriti

Istilahi ni mada ambayo wapenzi wa Kiswahili wameijadili kwa miaka na mikaka. Aghalabu mjadala huo huhusu sheria, tarakilishi na isimu, nyanja ambazo kosa la neno huzaa kicheko au, likizidi sana, tasnifu. Ipo nyanja nyingine ambamo kosa la neno huweza kuzaa mfupa uliovunjika. Nayo ni jimnastiki, hususan mazoezi ya mikono juu ya boriti ya kusawazishia mwili.

Boriti inayotumiwa na wanawake katika mashindano ya kimataifa ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10, nayo huinuliwa sentimita 125 kutoka sakafuni. Upana huo unakaribia ule wa kiganja cha mtu mzima. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, shule isiyo na boriti ya kiwandani haikosi gogo la mkaratusi, mti uliotapakaa katika milima ya Gusii. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unayapa mazoezi ya viungo nafasi yake, na mwalimu mbunifu hulichonga gogo hilo na kulilaza uwanjani. Ubunifu huo ni wa kusifiwa. Hata hivyo, katika eneo ambalo mvua hunyesha takribani mwaka mzima, gogo lililolowa huteleza, na mikono ya mtoto ndiyo hutangulia kulipa deni hilo.

Je, mikono hiyo iwekwe vipi? Anayesimama kwa mikono huvibandika viganja viwili ubavu kwa ubavu juu ya boriti, madole gumba yakikaribiana, na vidole vingine vikishika kingo. Uzito hukaa kwenye kitako cha kiganja, mabega yakiwa wima juu ya vifundo vya mikono, nayo mikono ikiwa imenyooka. Anayebiringika kwa ubavu mfano wa gurudumu huitua mikono mmoja baada ya mwingine juu ya mstari mmoja. Anayeanguka naye ana adabu zake: hapaswi kuurusha mkono nyuma ukiwa umekakamaa ili kujikinga, kwani uzito wa mwili mzima huishia kwenye kifundo au kwenye mfupa ulio juu kidogo ya kisugudi. Mvunjiko wa mahali hapo unafahamika sana kwa watoto wanaouangukia mkono ulionyooshwa. Ni heri akunje magoti, aikusanye mikono karibu na kifua, kisha abiringike. Haya yote hujifunzwa kwanza kwenye mstari uliochorwa chini, halafu kwenye ubao wa kimo kifupi wenye godoro kando, na msaidizi akiwa tayari kushika.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika madarasa mengi ya Kenya, kiwiko hufunzwa kuwa kiungo cha katikati ya mkono. Kwa upande mwingine, wapo watumiaji wa Kiswahili, na zipo kamusi, ambao kwao kiwiko cha mkono ni kile kifundo kinachokiunganisha kiganja na kigasha. Tena wanacho kiwiko cha mguu. Mwalimu anapoamuru, "Kaza kiwiko!", wanafunzi wawili huweza kukaza viungo viwili tofauti, na kila mmoja akawa na kamusi ya kumtetea. Neno "mkono" lenyewe huanzia begani na kukomea vidoleni, kama lilivyo neno "okoboko" katika Ekegusii. Kumwambia mtoto "weka mkono vizuri" ni kumwachia nusu ya kazi ya mwalimu.

Wapo watakaopinga kwamba jimnastiki hufunzwa kwa vitendo wala si kwa maneno. Hoja hiyo ina mashiko, ila haijakamilika. Kielelezo huonyesha umbo. Hakionyeshi uzito umekaa wapi. Zaidi ya hayo, mtoto aliyepinduka kichwa chini hamwoni mwalimu, humsikia tu. Katika nukta hiyo moja, neno ndilo mkono wa pekee wa mwalimu unaomfikia.

Wengine watauliza kwa nini Kiingereza kisitumike, ilhali ndicho lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu. Amri ya usalama haina muda wa kutafsiriwa kichwani. Katika mji kama Keroka, ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, mtoto wa Mgusii hukutana uwanjani na mwenzake asiyejua Ekegusii, na Kiswahili ndicho huwapatanisha. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumshusha mtoto salama kutoka kwenye gogo ina upungufu, na upungufu huo hauondolewi kwa hotuba.

Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, vyama vya wanafunzi vimepata fursa ya kila mwaka ya kukariri mashairi na kukisifu Kiswahili. Ni jambo jema. Lingekuwa jema zaidi iwapo wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Kisii wangeketi na wakufunzi wa michezo wa vyuo vya ualimu, kama vile Borabu na Kenyenya, wakaafikiana juu ya maneno machache tu: kiganja, kitako cha kiganja, dole gumba, kifundo cha mkono, kigasha, kisugudi na bega. Neno "kiwiko" lipumzishwe uwanjani, si kwa kuwa ni baya, bali kwa kuwa lina maana mbili mahali pasipovumilia zaidi ya moja. Kisha zitungwe amri fupi: "Gumba kwa gumba!", "Kaza kisugudi!", "Kunja, biringika!" Orodha hiyo haitajaza ukurasa mmoja wa daftari.

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kinga ya mtoto wa Nyamira anayepanda gogo kesho asubuhi ni godoro, ni msaidizi, na ni neno moja lenye maana moja. La tatu liko mikononi mwa wanafunzi wa Kiswahili.