Mambo ya Jikoni: Chungu Kimoja kwa Watu, Paka na Mbwa

Katika nyumba nyingi za Kwale, tangu Matuga hadi Lungalunga, chakula huinjikwa chungu kimoja, nao wanaokingoja ni wengi kuliko wanaohesabiwa. Watu huketi jamvini. Paka hukaa kando ya mlango akitazamia kichwa cha samaki. Naye mbwa yuko mbali, pembezoni mwa shamba, akingoja ukoko wa sima. Paka hulinda ghala, na wahenga walinena kweli kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Mbwa hulinda mahindi na mihogo dhidi ya nyani, ngedere na nguruwe mwitu, hasa kwa wakulima waliopakana na msitu wa Shimba. Wote wawili ni watumishi wasiodai mshahara wa fedha. Mshahara wao ni chakula.

Kwa bahati mbaya mshahara huo mara nyingi hulipwa vibaya. Kuna wenye nyumba ambao humtupia mnyama kile tu kilichokataliwa na watu: unga uliofanya ukungu, mifupa ya kuku, na mchuzi uliobaki wenye pilipili. Wengine, wakiona magunia na mikebe ya chakula cha wanyama katika maduka ya Ukunda na Diani, hudhani kwamba kumlisha mbwa vyema ni jambo la matajiri, basi huacha kabisa. Wote hao hukosea. Mpishi aliye na unga, kunde na samaki wa mafungu anaweza kuwalisha watu na wanyama wake kwa moto ule ule, wala hahitaji sufuria ya pili. Linalotakiwa ni kushika kanuni moja tu: fungu la mnyama hutolewa chunguni kabla kitunguu, chumvi na pilipili hazijaingia.

Sababu ya kanuni hiyo si uchoyo wa viungo. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vikiwa vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu katika mwili wa mbwa, na katika mwili wa paka zaidi. Mnyama aliyelishwa mchuzi wa vitunguu mara kwa mara hulegea, ufizi wake hupauka, na mkojo wake huweza kuwa mwekundu au wa hudhurungi. Kwa kuwa dalili hizo pengine huonekana baada ya siku kadhaa, mwenyewe hudhani kwamba mnyama amelogwa au amepewa sumu na jirani, kumbe sumu ilitoka katika upawa wa nyumbani. Chumvi nyingi nayo humdhuru, na tui zito humharisha.

Jambo la pili ni chombo. Kila mnyama na awe na chombo chake. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa vizuri chatosha kwa paka, na sufuria kuukuu yatosha kwa mbwa. Jambo hili lapatana na usafi, na lapatana pia na dini ya wenyeji wengi wa pwani. Sheria ya Kiislamu imeruhusu mbwa wa kulinda shamba na mifugo na mbwa wa kuwinda, lakini chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Mbwa akiwa na chombo chake huko huko shambani, hakuna taabu.

SAMAKI WA CHUKUCHUKU, NA FUNGU LA PAKA

Kwa watu watano hutakiwa samaki wa kilo moja na nusu, kama changu, tafi au kolekole, nyanya tatu, kitunguu kimoja, ndimu mbili, pilipili mbichi moja, na chumvi kiasi.

Samaki huparuzwa magamba, hutumbuliwa na kuoshwa. Vichwa na mikia hutangulizwa chunguni pamoja na vikombe vinne vya maji matupu, vichemke kwa dakika ishirini. Kisha vichwa huopolewa, na mpishi huchambua nyama yote kwa vidole hadi asisikie mwiba. Nyama hiyo, pamoja na vijiko viwili vya yale maji na kijiko kimoja cha wali mlaini, ndiyo fungu la paka. Paka mkubwa wa kilo tatu au nne hutosheka na nyama ya gramu 150 kwa siku, ikigawanywa mara mbili.

Hapo tena ndipo vipande vyenyewe huingia katika maji yaliyobaki, pamoja na nyanya, kitunguu, pilipili na chumvi. Huchemka kwa dakika kumi na tano, na ndimu hukamuliwa wakati wa kuepua. Chakula hiki huliwa kwa sima au kwa muhogo wa kuchemsha.

Yafaa kueleza kwa nini paka hupewa na maji ya samaki. Paka si kama mbwa. Mbwa, kwa kuishi na watu kwa maelfu ya miaka, ameweza kula nafaka na kuimeng'enya. Lakini paka ni mla nyama hasa. Mwilini mwake huhitaji kitu kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki, wala hakimo katika mahindi wala mchele. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka akikosa taurini macho yake huharibika, na mwisho hupofuka. Nyama ikichemshwa, sehemu ya taurini huingia katika maji. Basi mpishi anayeyamwaga maji hayo humwaga macho ya paka wake. Na paka anayelishwa sima tupu ati apate njaa ya kuwinda panya, huyo hawindi vizuri. Hudhoofika tu, na kipofu hakamati panya.

Kuna wanaouliza kama si afadhali kumpa samaki mbichi. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto huondoa madhara hayo. Kupika ni bora. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na samaki kuadimika, ng'onda hufaa, ila sharti alowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe mara mbili au tatu ili chumvi itoke.

KUNDE NA SIMA, NA FUNGU LA MBWA

Kwa watu watano hutakiwa kunde kavu vikombe viwili, nazi moja, kitunguu kimoja, nyanya mbili, chumvi, na unga wa mahindi kilo moja. Kwa ajili ya mbwa huongezwa dagaa, au matumbo ya mbuzi yaliyosafishwa.

Kunde huchaguliwa, hulowekwa tangu asubuhi, kisha huchemshwa kwa maji matupu hadi ziive kabisa na kupondeka kwa kidole. Hapo hutolewa konzi moja kwa ajili ya mbwa. Zilizobaki hutiwa kitunguu, nyanya, chumvi na tui la pili. Zikikaribia kukauka hutiwa tui la kwanza, na hukorogwa polepole lisikatike.

Sima ya pwani husongwa bila chumvi, kwa hiyo ni halali ya wote. Mbwa wa kadiri, mwenye uzito wa kilo kumi na tano, hutosheka kwa siku na sima ya kikombe kimoja cha unga, pamoja na ile konzi ya kunde na gramu 150 hadi 200 za dagaa au matumbo yaliyochemshwa. Vyote huchanganywa na kuachwa vipoe. Kwa kuwa chakula hiki hakina mifupa ya kutosha, ganda la yai lililooshwa, likakaushwa na kutwangwa kama unga, huongezwa nusu kijiko cha chai kila siku ili mifupa ya mbwa iwe imara. Kipande kidogo cha ini mara moja kwa juma kitamzidishia afya. Wakati wa maboga, kipande kilichochemshwa hufaa sana kwa tumbo la mbwa.

MASHENDEA YA WAGONJWA

Kikombe kimoja cha mchele huchemshwa kwa vikombe sita vya maji hadi punje zivunjike. Kipande cha kifua cha kuku huchemshwa humo humo, kisha hutolewa na kuchambuliwa. Mbwa anayeharisha hupewa mashendea haya makavu kidogo, pamoja na nyama, mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na maji safi karibu yake. Fungu la mtoto hutiwa chumvi kidogo, na hubaki laini. Ikiwa mtoto au mnyama anaharisha damu, au amelegea, jiko halina dawa yake: mtoto apelekwe zahanati au hospitali, na mnyama kwa daktari wa mifugo.

MAMBO YA KUEPUKWA

La kwanza ni mahindi yenye ukungu. Desturi ya kusema kwamba unga huu umeharibika, basi apewe mbwa au kuku, ni desturi ya hatari. Ndani ya ukungu huo huweza kuwamo sumukuvu, ambayo huua ini, nayo haiondolewi kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mwishoni mwa mwaka 2005 huko Marekani mbwa wengi walikufa kwa kula chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu iyo hiyo. Basi hata gunia lenye picha nzuri si kinga. Tena ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo hutoa sumu katika maziwa, na maziwa hurudi kwa mtoto. Anayedhani amemtupia mnyama hasara yake, huikuta kikombeni.

La pili ni bunju. Wavuvi wa Gazi, Msambweni na Vanga wamjua samaki huyu anayejifurisha, nao humtupa. Lakini akitupwa pwani paka na mbwa humwokota. Sumu yake hukaa zaidi katika ini, mayai na ngozi, na moto hauiondoi. Bunju na afukiwe shimoni, wala asiachwe mchangani.

La tatu ni mifupa iliyopikwa. Mfupa wa kuku ukiisha kupikwa huvunjika kwa ncha kali kama kibanzi, na huweza kutoboa utumbo.

La nne ni matumbo, mapafu na maini mabichi, hasa siku za Idi Kubwa, nyama inapokuwa nyingi. Yakiwa na uvimbe wa maji, mbwa anayeyala hupata tegu wadogo, kisha mayai ya tegu hao humfikia mtu kwa mikono na kwa chakula. Ugonjwa huo umewatesa sana watu wa Turkana. Vyenye uvimbe vichomwe au vifukiwe. Vingine vichemshwe barabara.

La tano ni muhogo mchungu, ambao huua watu na wanyama sawasawa usipotayarishwa kwa kumenywa, kulowekwa na kukaushwa. Hata muhogo mtamu humenywa na kuchemshwa kabla ya kumpa mbwa.

Mwisho, mabaki ya jikoni yasitupwe ovyo uwanjani. Katika Diani, tumbili na nyani waliozoea kulishwa na watu wamekuwa wezi wa madirishani. Hao ni wanyama wa mwituni, wala si wa kufugwa, na kuwatupia mkate ni kuwafundisha uhasama na mwenye nyumba.

FAIDA ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Mtu aweza kusema kwamba taabu hii yote ni kwa ajili ya mbwa tu. Sivyo. Mbwa mwenye njaa huacha shamba, huzurura sokoni na majalalani, hupigana na mbwa asiowajua, na huko ndiko aumwako na mwenye kichaa. Akirudi, wa kwanza kumchezea ni mtoto. Kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu daima huua. Kenya iliweka azimio la kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, na njia kubwa ya azimio hilo ni kuchanja mbwa. Lakini siku ya chanjo ikifika, ni mbwa gani ashikikaye? Ni yule ajuaye sauti ya bwana wake na saa ya chakula chake. Yule alaye majalalani hukimbia porini, na chanjo humpita.

Mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na paka vilevile. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Hivyo konzi ya kunde iliyotolewa kabla ya chumvi haipotei. Hulinda mahindi shambani, mpunga ghalani na mtoto uwanjani. Mwenye kuipima hasara na apime kwanza gunia moja lililoliwa na panya.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kuanika mahindi juu ya turubai, na jinsi ya kutambua kwa chupa na chumvi kama yamekauka vya kutosha kuwekwa ghalani.