Tiara ya baharini: Anayejifunza asiwe hatari kwa wengine

WENGI wetu tunaoishi mijini tukipata likizo ya Disemba huwa na wazo moja tu: kushuka Pwani, kuvua viatu na kukanyaga mchanga. Watoto huingia majini na mipira ya matairi, akina mama hukaa chini ya minazi, na wachuuzi hupita wakiuza mabuyu, madafu na viazi vya karai. Hakuna anayetazama juu.

Mwaka jana, katika ufuo mmoja wa kusini mwa Mombasa, nilijifunza kutazama juu. Kijana mmoja wa Nairobi, mwenye adabu na kazi yake nzuri, alikuwa amenunua vifaa vya mitumba vya mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, ule ambao vijana wa ufuoni huuita kaiti. Alikuwa amehudhuria somo moja tu. Mengine aliyaona kwenye video. Akairusha tiara yake pale pale penye watu. Upepo ulipoongezeka ghafla ulimwinua, ukamburuta mchangani hatua kama 10, na tiara ikaangukia upande tuliokaa sisi. Kamba moja ilimpitia mama muuza viazi kwenye shavu la mguu, ikamkata kama wembe.

Kijana alitoka na mikwaruzo ya magoti. Mama alipelekwa zahanati akashonwa nyuzi 9.

"Pole sana mama, sikukusudia," kijana alimwambia huku akitetemeka.

"Najua hukukusudia, mwanangu," mama alimjibu. "Lakini kesho nitatembea vipi niuze?"

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mchezo huu methali hiyo imepinduka: asiyesikia ni mmoja, na guu linaloumia ni la mwingine. Maoni yangu ni kwamba mtu ana haki ya kujihatarisha mwenyewe akipenda, lakini anayejifunza hana haki ya kufanyia mazoezi yake juu ya vichwa vya watu waliokuja kupumzika.

Si tiara ya watoto

Ni vyema msomaji aelewe kwanza kwamba hii si ile tiara ya karatasi tuliyochezea utotoni. Tiara ya mchezo huu ni kitambaa chenye ukubwa wa mita mraba 7 hadi 12 hivi kwa mtu wa kawaida, na ukingo wake wa mbele hujazwa hewa ili isizame ikianguka majini. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio waliosajili uvumbuzi wa tiara ya namna hiyo mwaka wa 1984. Miaka 40 baadaye, mchezo wenyewe uliingia katika Olimpiki ya Paris ya 2024.

Mchezaji hujifunga mkanda mpana kiunoni na kuunganishwa na tiara kwa kamba 4 au 5 zenye urefu wa mita 20 na zaidi. Unene wa kila kamba haufiki milimita 3, lakini inaweza kubeba uzito wa mtu mzima bila kukatika. Ikikazwa na upepo haionekani vizuri kwa mbali, na ikipita juu ya ngozi hukata.

Kinachowaponza wengi wanaoanza ni kutoelewa hesabu ya upepo. Kasi ya upepo ikizidishwa mara 2, nguvu yake ya kuvuta huzidishwa mara 4. Kwa hivyo tiara iliyokuvuta kwa upole upepo ukiwa na kasi ya kilomita 18 kwa saa, itakuvuta mara 4 zaidi upepo ukifika kilomita 36. Aliye mgeni wa mchezo husema upepo umeongezeka kidogo tu, na kabla hajamaliza kusema yuko hewani.

Madaktari wanaotibu wachezaji wa mchezo huu hukutana na vifundo vya miguu vilivyoteguka, magoti na mabega yaliyoumia, mbavu zilizovunjika, na pia majeraha ya kichwa na shingo. Isitoshe, mtu akinaswa na kamba akiwa majini anaweza kuzama hata kama ni mwogeleaji hodari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021. Bahari haihitaji kuongezewa njia nyingine ya kuua.

Upepo wetu na likizo zetu

Hapa kwetu kuna jambo moja linalozidisha hatari. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi hivi, na kusi huwa na nguvu miezi ya Juni hadi Septemba. Hiyo ndiyo misimu ya tiara Diani, Watamu na Malindi. Lakini hiyo pia ndiyo misimu ya likizo za shule za Agosti na Disemba, wakati ambapo familia kutoka Nairobi, Nakuru na Eldoret hujaa ufuoni.

Zaidi ya hayo, pepo hizi mbili kwa kawaida huvuma kwa mshazari kutoka baharini kuja nchi kavu. Kwa mchezaji hiyo ni bahati, kwa sababu hata akishindwa, upepo utamrudisha ufuoni badala ya kumpeleka kilindini. Kwa anayejenga nyumba ya mchanga na mtoto wake, hiyo ni balaa. Upepo unaomrudisha mchezaji salama ndio huo huo unaomleta juu ya watu.

Kuna pia suala la kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika Pwani yetu huweza kupita mita 3. Ufuo uliokuwa mpana kama uwanja wa mpira asubuhi hubaki ukanda mwembamba alasiri, na mahali pengine maji hugonga kuta za hoteli. Tiara ile ile, kamba zile zile, na watu wale wale sasa wamesongamana mahali padogo. Mwalimu mwenye ujuzi hutazama jedwali la maji kabla ya kutazama upepo. Anayejifunza peke yake hutazama upepo tu.

Ufuo ni wa nani?

Najua watakaonijibu kwamba ufuo ni wa umma. Ni kweli. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna hoteli inayoweza kumfukuza mchezaji wa tiara hapo. Lakini kifungu hicho hicho kinamlinda mama muuza viazi, mvuvi anayevuta ngalawa yake, na mtoto anayeokota makombe. Kitu cha umma hakimaanishi kitu cha aliye na chombo chenye nguvu zaidi.

Wengine nao watataka mchezo upigwe marufuku. Mimi siungi mkono. Huu ni mchezo mzuri kwa afya: hujenga misuli ya tumbo, mgongo na miguu, na huwatoa watu kwenye viti vya ofisi. Vijana kadhaa wa Pwani, waliozaliwa karibu na maji hayo, wamekuwa walimu wa mchezo huu na wanalisha familia zao kwa kazi hiyo. Kuupiga marufuku kutawaumiza wao kabla ya kumgusa aliyefanya kosa. Kosa lenyewe ni haraka ya mtu mmoja, mahali pasipofaa na wakati usiofaa.

Wajibu wa anayejifunza

Kwanza, asijifundishe mwenyewe. Masomo ya mwanzo kwa kawaida huchukua saa 9 hadi 12, na sehemu kubwa ya saa hizo mwanafunzi hagusi ubao. Hujifunza kuendesha tiara ndogo mchangani, kisha kuburutwa majini kwa mwili wake, na kujiokoa mwenyewe tiara ikishindwa kuruka. Ni kweli masomo ni ghali. Lakini aliyepata pesa za kununua tiara na kukosa za mwalimu ni kama aliyenunua gari akakosa nauli ya kwenda kujifunza kuliendesha.

Pili, akijue kifyatuo cha dharura kama anavyojua mfuko wake wa suruali. Kila tiara ya kisasa ina kifaa cha kuipunguzia nguvu mara moja. Kijana wa mwaka jana alikuwa nacho kifuani, lakini mkono wake haukukikumbuka. Akifanyie mazoezi mara nyingi, hata akiwa amefumba macho, na kabla ya kila safari ahakikishe hakijajaa mchanga na chumvi.

Tatu, achague mahali. Upande ule upepo unakoelekea, ambao mabaharia huuita upande wa demani, uwe wazi kwa angalau mita 100: pasiwe na watu, minazi, kuta, nyaya za umeme wala mashua. Akikosa nafasi hiyo, aende mbali zaidi au arudi nyumbani. Tena asirushe wala kushusha tiara peke yake, na asisimame nchi kavu akipiga gumzo huku tiara iko juu ya kichwa chake, kwani upepo wa ghafla ukija utamnyanyua.

Nne, avae helmeti na jaketi linalomfaa, na akiona mawingu meusi ya mvua yanakuja ashushe tiara mapema. Upepo hutangulia mvua.

Tano, akubali dhima. Akimjeruhi mtu, asimame, ampeleke hospitali, alipe. Kabla ya hapo akate bima inayomlipa mtu mwingine aliyeumizwa. Bima yake ya matibabu inamtibu yeye, haimtibu mama aliyekatwa na kamba. Kijana wetu alilipa zahanati, jambo la kushukuriwa. Lakini siku 14 ambazo mama hakuuza, nani alizilipa?

Wewe unayepita

Msomaji unayekwenda ufuoni bila tiara nawe jilinde. Ukiona mtu amesimama mchangani na tiara iko mbali naye, usipite katikati yao, hata kama huoni kitu. Kamba zipo. Pita nyuma ya mchezaji, upande upepo unakotoka. Usitandike mkeka pale tiara zinaporushwa. Tiara ikiponyoka na kuanguka, waite watoto kando na usishike kamba kwa mkono, kwani inaweza kukata vidole.

Mtu akikatwa, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi hadi damu ikome, kisha aende akashonwe. Kidonda cha kamba au cha matumbawe kioshwe vizuri kwa maji safi na sabuni, na aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda. Aliyeangushwa kutoka juu akilalamika shingo au mgongo asiinuliwe wala asiketishwe. Aachwe alivyo, isipokuwa yuko majini, mpaka wenye ujuzi wafike. Aliyegonga kichwa akianza kutapika, kusinzia isivyo kawaida au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama alisimama akacheka. Na aliyezama asiyepumua asikamuliwe tumbo: mtu mmoja apige simu 999 au 112, mwingine aanze kumpulizia pumzi mdomoni, kisha kumbonyeza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha.

Kaunti nazo

Serikali za kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi zinaweza kufanya jambo dogo lisilo na gharama kubwa: kutenga sehemu ya ufuo kwa bendera, ambapo tiara zirushwe na kushushwa, na sehemu nyingine ambapo zisikaribie kabisa, hasa Agosti na Disemba. Kama sheria hiyo ipo kwenye karatasi, ionekane mchangani. Wanaokodisha vifaa nao wasimpe mtu tiara kabla ya kumwona akiiendesha, na wanaouza za mitumba wamuulize mnunuzi alijifunzia kwa nani. Walimu na wavuvi wanaufahamu ufuo wao kuliko sisi wageni wa wiki moja. Waitwe wakae pamoja waamue mipaka.

Nilipopita tena pale mwezi wa Machi, mama alikuwa amerudi na karai lake, ila sasa hakai karibu na maji. Ameegemea ukuta, mahali ambapo wateja ni wachache. "Huku sioni kitu kikiniangukia," aliniambia.

Ufuo ni wake kama ulivyo wa kijana yule. Siku ambayo mama huyo ataweza kurudi karibu na maji bila kutazama juu, hapo ndipo tutasema mchezo huu umefika kwetu kwa heri.