Kuhama mfumo wa kompyuta: gharama isiyoandikwa kwenye ankara

WIKI hii naomba radhi kwa wasomaji waliozoea kuanza na bei ya mahindi na alizeti. Nataka kwanza kuzungumzia gharama ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya bei, lakini inakula faida ya mfanyabiashara mdogo wa Kanda ya Kati kama panya anavyokula ghala. Ni gharama ya kuhama kutoka mfumo mmoja wa kuendesha kompyuta kwenda mwingine.

Mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambaye hakupenda jina lake litajwe, alikuwa na kompyuta ya mezani yenye Windows 10. Humo ndimo ilimokuwa orodha ya wadaiwa wake, wenye mashine za kusaga na maduka ya jumla ya Dodoma mjini, waliochukua mahindi kwa mkopo baada ya mavuno ya 2025. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma yake ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta ya bwana huyu ilikuwa nzima, lakini haikukubali Windows 11. Fundi mmoja kijana akamshauri aweke Linux, ambayo haina ada ya leseni. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Orodha ya wadaiwa ikatolewa kwenye programu ya zamani ikiwa faili la maandishi matupu, ikafunguliwa kwenye mfumo mpya, na kazi ikaisha siku hiyo hiyo.

Balaa lilianza Novemba. Fundi alikuwa ameuacha mfumo mpya kwenye Kiingereza cha Marekani, na Wamarekani huandika mwezi kwanza ndipo siku. Deni la 05/12/2025, ambalo sisi tunalisoma Desemba 5, likasomwa na kompyuta kuwa ni la Mei 12. Mteja wa miaka mingi akaonekana amechelewa kulipa kwa nusu mwaka. Karani, ambaye hakuwapo mahindi yalipotolewa, akapiga simu na kutumia lugha ya kudai. Mteja akakasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Hilo angalau lilipiga kelele. Baya zaidi ni lile lililonyamaza. Deni la 08/01/2026 likageuka kuwa la Agosti mosi, likatoweka kwenye orodha ya Januari, mwezi ambao mfanyabiashara anahitaji fedha taslimu kuliko mwezi mwingine kwa sababu ada za shule ziko mlangoni. Na deni la 25/11/2025, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kompyuta haikulitambua kuwa ni tarehe kabisa. Ikaliacha kama maneno, na kila jumla ya mwezi iliyopigwa ikaliruka. Mzee aligundua haya yote pale tu alipofungua kaunta buku lake la zamani na kulinganisha mstari kwa mstari. Lau asingekuwa nalo, sijui angedai kwa ushahidi gani.

Wapo watakaosema kosa ni la fundi. Ni kweli alipaswa kubadili mpangilio wa tarehe, kazi ya dakika mbili. Lakini kwa upande wangu naona tatizo ni kubwa kuliko fundi. Chuoni tulifundishwa kwamba uchakavu wa mashine ni gharama, na ihesabiwe kila mwaka. Hatukufundishwa kwamba ipo siku mashine itakuwa haina ubovu wowote, inawaka, inachapa, na bado ikachakaa kwa sababu tu kampuni ya ng'ambo imepanga tarehe. Windows 7 ilikatiwa huduma Januari 2020, na kabla yake Windows XP Aprili 2014. Kila tarehe ya namna hiyo ni siku ya kuhama, upende usipende.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kompyuta nyingi za maduka ni za mtumba, zinazotoka Dubai na Ulaya na kupandishwa Dodoma kutoka Kariakoo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Vizazi hivyo vilianza kuuzwa mwishoni mwa 2017. Kompyuta ya mtumba iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kuwa imara kabisa na bado ikawa nje ya mstari. Mfugaji wa Kongwa anayenunua dawa ya ng'ombe hutazama tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hajatoa fedha. Mnunuzi wa kompyuta hutazama ukubwa wa diski na kama kioo kina mkwaruzo, basi.

Njia ya katikati ilikuwapo. Microsoft ilitangaza huduma ya nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 za Marekani kwa mtumiaji binafsi. Kwa kampuni ada ilipangwa kuwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na kuongezeka maradufu kila mwaka unaofuata. Mwenye kompyuta tatu na apige hesabu mwenyewe. Kununua mwaka mmoja wa kufikiri si upotevu, ili mradi mwaka huo utumike kufikiri.

Linux nayo isichukuliwe kuwa ni ya bure kwa maana ya kutogharimu kitu. Programu za hesabu zinazotumiwa na maduka mengi hapa nchini, kama Tally na QuickBooks ya kuwekwa kwenye kompyuta, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kuziendesha kwenye Linux kunahitaji ujanja wa fundi, na siku ujanja ukikwama ni siku ya kufunga hesabu. Printa ndogo za risiti zina tabia hiyo hiyo. Leseni ni sifuri, lakini siku tatu za karani aliyekaa bila kazi si sifuri, wala mteja aliyeondoka bila ankara.

Wenye Macintosh wasicheke sana. Mimi mwenyewe niliwahi kufika kwenye ofisi moja ya habari na bei za soko zikiwa kwenye diski iliyoandaliwa kwa Windows. Macintosh ya pale iliisoma diski vizuri lakini ikakataa katakata kuiandikia, na ukurasa ukafungwa na bei za wiki iliyotangulia. Isitoshe, kwa miaka mingi Excel ya Macintosh ilihesabu siku kuanzia 1904, wakati ile ya Windows ilihesabu kuanzia 1900. Ukinakili tarehe kutoka jedwali la namna moja kwenda la namna nyingine bila kurekebisha, zinaruka miaka 4 na siku moja. Mkopo wa benki wenye tofauti ya miaka 4 ni mkopo mwingine kabisa.

Sasa tazameni upande wa pili. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 haikumuuliza mtu simu yake inaendeshwa na mfumo gani. Ulipiga nyota 150 nyota 00 reli kwenye simu ya kitochi, na leo menyu ni ile ile kwenye simu ya bei kubwa. Kazi yote inafanyika kwenye mitambo ya kampuni, simu ni dirisha tu. Nadhani hii ni mojawapo ya sababu zilizowafanya mama lishe na dalali wa Soko la Majengo waiamini. Mifumo mingi ya Serikali nayo imefuata njia ya kutumia kivinjari. Anayeuza bidhaa kwa wizara zilizopo Mji wa Serikali Mtumba (sisemi kompyuta za mtumba) huomba zabuni kupitia NeST tangu 2023, na anaweza kufanya hivyo kwa Windows au kwa Linux.

Lakini tukirudi kwenye simu hizo hizo, utumwa upo. Wanunuzi wengi wa zabibu na dengu huagiza kwa WhatsApp, na mazungumzo hayo ndiyo mkataba wenyewe. Akiba ya mazungumzo ya simu ya Android huwekwa Google, na ya iPhone huwekwa iCloud, na moja haifunguki upande wa pili. Ipo njia ya kuyahamisha moja kwa moja kutoka simu hadi simu, lakini ifanyike wakati simu mpya inaandaliwa na ile ya zamani ingali mkononi. Aliyekwisha kuuza ya zamani ili aongezee fedha ya iPhone amechelewa.

Nchi hii imekwisha kuungua na kompyuta huko nyuma. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuweka hesabu za Hazina kwenye mashine kuleta hasara. Sipendekezi kurudi huko. Na si kwamba hatujajaribu kujikomboa: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure. Wafanyabiashara niliowauliza mjini Dodoma hawajawahi hata kuisikia.

Ninachopendekeza ni kwamba muuzaji wa programu ya hesabu, kabla hajalipwa hata shilingi moja, aonyeshe kwa vitendo mbele ya mnunuzi jinsi orodha ya wadaiwa na ya mali inavyotoka humo na kufunguka kwenye kompyuta nyingine. Akishindwa, bei yake ipunguzwe au aondoke. Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, 2025-12-05, hapo hakuna Mmarekani wala Mtanzania atakayekosea. Na anayehama asihame katikati ya msimu wa mauzo. Achape orodha yote ya madeni kwenye karatasi, aendeshe mifumo miwili sambamba hadi mwezi mmoja ufungwe na jumla zilingane, ndipo aizime ya zamani. Kwa Kanda ya Kati, yenye msimu mmoja wa mvua, naona kipindi kizuri ni Machi au Aprili, mahindi mapya yakiwa bado shambani na ghala likiwa karibu tupu.

Yule mfanyabiashara wa Kibaigwa amekwisha kurekebisha tarehe zake, na deni la Januari alilipwa mwezi Machi. Mteja aliyepigiwa simu alilipa tarehe 5 Desemba kama alivyoahidi, na tangu siku hiyo ananunua mahindi kwa mtu mwingine.